Fimbo Haikaushi Godoro

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda sana, katika nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe hutolewa nje godoro moja na kuegemezwa kwenye ukuta wa uani. Jirani apitaye haulizi kitu, kwani ajua. Watoto waendao shule nao wajua, na baadhi yao huanza kuimba ule wimbo wa kumcheka kikojozi ambao ni wachache mno Pwani wasiousikia utotoni. Mwenye godoro hujificha chumbani mpaka wenzake wapite. Kisha hufika shuleni amechelewa, na huko nako huulizwa sababu ya kuchelewa, sababu ambayo hawezi kuitaja mbele ya darasa zima.

Mtu mwenye nafasi aweza kuliona jambo hili kuwa ni dogo. Ana mashine ya kufulia, maji hayamkatikii, na godoro la pili limo stoo. Lakini katika mitaa ya ng'ambo ya kisiwa, kama Mtongwe, Mishomoroni, Magongo na Chaani, maji ya mfereji hayatoki kila siku, na mara nyingi dumu la lita 20 hununuliwa kwa mwenye mkokoteni. Shuka mbili na leso za kujifunika zikifuliwa kila siku humaliza madumu yaliyokusudiwa kupikia na kuogea. Ikifika masika, mwezi wa Aprili na wa Mei, mvua hunyesha kutwa na godoro halikauki. Harufu huenea chumbani, na chumba chenyewe pengine ni kimoja kwa watu watano. Tena katika nyumba za Waislamu mkojo ni najisi, na mahali pa kusalia hapana budi kuwa safi. Basi mama aamkapo alfajiri na kukuta maji tena, baada ya kufua jana na juzi, hasira humpanda. Hasira hiyo yaeleweka. Jambo lisilofaa ni lile lifuatalo hasira, yaani fimbo, matusi, au kumbebesha mtoto godoro lake kichwani mbele ya watu.

Sheria nayo imesema juu ya jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya kukingwa na ukatili wa kila namna na adhabu zisizo za utu. Hata hivyo, kabla ya kufika kwenye sheria, yafaa mzazi ajiulize swali jepesi zaidi: je, mtu aliyelala aweza kuadhibiwa kwa jambo asilolijua? Mtoto wa namna hii halali kwa kusudi la kukojoa. Hulala kama wenzake, na katikati ya usiku mwili humponyoka. Akiamka hukuta jambo limekwisha tendeka, naye hushangaa kama mama yake ashangaavyo.

Ili kufahamu sababu, lazima kutazama kazi ya mwili. Figo mbili huchuja damu mchana na usiku, na maji machafu hushuka katika kibofu. Kwa mtu mzima, usiku ukiingia, ubongo huongeza kitu fulani katika damu ambacho huziamuru figo zipunguze maji. Ndiyo maana mtu aweza kulala saa nane bila kuamka, hali mchana hawezi kukaa saa nne bila kwenda haja. Kwa watoto wengine amri hiyo bado haijawa na nguvu, na figo zao hutoa maji mengi usiku kama mchana. Wengine kibofu chao hakiwezi kuweka maji mengi. Na karibu wote wana tabu moja iliyo kubwa kuliko hizo: kibofu kikijaa hutuma habari kwenye ubongo, lakini ubongo uliolala hauisikii. Wazazi husema, «Mtoto huyu hulala kama gogo,» nao hawakukosea sana. Mambo haya hukomaa kwa wakati wake, kama meno yaotavyo. Hakuna mzazi ampigaye mtoto wa miezi saba kwa kuchelewa kuota meno.

Madaktari wa watoto hawauhesabu mkojo wa kitandani kuwa ni tatizo kabla ya mtoto kutimiza miaka 5. Hata akitimiza, hayuko peke yake. Katika watoto 100 wa miaka 5, yapata 15 bado hukojoa kitandani. Kwa umri wa miaka 10 hubaki kama 5, na katika vijana waliobaleghe hubaki mmoja au wawili. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, kiasi cha mara mbili. Kila mwaka upitao, katika kila watoto 100 wenye tabu hii, kama 15 huacha wenyewe bila dawa yo yote. Hesabu hii ina maana kubwa kwa mwalimu. Katika darasa la kwanza lenye watoto 60, yamkini watoto sita au zaidi wameamka juu ya shuka mbichi asubuhi hiyo, na kila mmoja wao adhani ni yeye tu duniani.

Tena tabu hii hufuata ukoo. Ikiwa baba au mama alikuwa hivyo utotoni, watoto wanne au watano katika kila kumi huwa hivyo. Ikiwa wazazi wote wawili walikuwa hivyo, hufika saba au wanane katika kumi. Kwa hiyo baba anayeshika mkanda yafaa kwanza aende kwa mama yake mzazi, amwulize taratibu, bila ya watu kuwapo, godoro la nani lilikuwa likianikwa uani miaka ile. Mabibi wana kumbukumbu nzuri katika mambo kama haya. Mara nyingine jibu la bibi lingetosha kuurudisha mkanda mahali pake.

Si watu wa Pwani tu waliohangaika na jambo hili. Katika karne ya 16 daktari mmoja Mwingereza, Thomas Phaer, aliandika kitabu juu ya maradhi ya watoto, akatenga sehemu nzima kwa ajili ya mkojo wa kitandani. Dawa aliyoisifu ni koo la jogoo, lichomwe mpaka liwe unga, mgonjwa anyweshwe. Mtu akicheka, na akumbuke kwamba hata leo wako wanaofunga nyuzi na hirizi, na wako wanaomtia mtoto hofu kwamba jini atamjia akikojoa tena. Hofu hii ya pili ni mbaya kuliko koo la jogoo, kwani humzuia mtoto kutoka nje usiku, na choo ndiko kiliko.

Hapa ndipo penye jambo kubwa katika nyumba za mitaa yetu. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na choo kiko nyuma uani. Mtoto wa miaka 6 aamkapo saa nane ya usiku yampasa afungue mlango, apite ukumbi wenye giza, apite milango ya wapangaji wengine, afike uani ambako paka wanapigana juu ya bati. Mchana huo huo amesimuliwa habari za zimwi na majini. Hata mtu mzima angefikiri mara mbili. Mtoto huyu pengine aliamka kweli, akaogopa, akajizuia, kisha usingizi ukamshinda. Dawa yake haina gharama kubwa: ndoo ndogo yenye kifuniko iwekwe pembeni mwa chumba, na taa ndogo iwashwe, au tochi iwekwe mahali mkono wake ufikapo. Aambiwe waziwazi kwamba ruhusa anayo ya kumwamsha mama au kaka yake, na atakapowaamsha wasimkemee. Ahadi hiyo ikivunjwa siku moja tu, mtoto hataamini tena.

Katika habari ya kunywa, wazazi wengi hukosea. Wakiona shuka mbichi humnyima mtoto maji tangu adhuhuri. Mombasa ni mji wa joto na jasho, na mtoto aliyecheza mpira juani kisha akanyimwa maji hudhurika. Pia kibofu kisichopata maji mchana hakizoei kujaa, na mkojo mzito hukikera kikataka kutoa kila mara. Njia iliyo bora ni kinyume chake. Mtoto anywe maji ya kutosha tangu asubuhi mpaka alasiri, bilauri sita au saba kwa siku, ili jioni asiwe na kiu kali. Baada ya chakula cha jioni apunguziwe, wala asinyimwe kabisa. Cha kuondolewa jioni ni chai na soda nyeusi, maana vyote viwili huongeza mkojo na kukisumbua kibofu. Desturi ya kumpa mtoto kikombe kikubwa cha chai ya rangi saa mbili usiku, pamoja na mkate, imeziharibu shuka nyingi. Tikiti maji nalo ni maji. Lina nafasi yake mchana.

Walimu wana sehemu yao. Watoto wengi hujizuia kutwa nzima kwa sababu vyoo vya shule ni vichafu au kwa sababu mwalimu hukataa kutoa ruhusa. Mtoto apaswa kwenda haja kila baada ya saa mbili au tatu, na kwenda tena kabla tu ya kupanda kitandani, hata kama asema hana haja. Mama amtazame pia choo kikubwa. Mtoto asiyepata choo siku tatu, tumbo lake likawa gumu, kibofu chake husukumwa na uchafu uliojaa nyuma yake, hata hakipati nafasi. Watu hawadhani kwamba mambo haya mawili yahusiana, walakini yahusiana sana. Papai, embe, mchicha na maji ya kutosha vimewahi kukausha kitanda bila ya jambo jingine kufanywa.

Juu ya godoro lenyewe, karatasi ngumu ya nailoni itandikwe juu yake, kisha juu ya karatasi hiyo likunjwe blanketi kuukuu au leso tatu nne zilizochakaa, ndipo shuka. Usiku maji yakitoka, mama huondoa zile leso na shuka, akatandika nyingine, na godoro halikuguswa. Kwa njia hii mzigo wa kufua hupungua, na hakuna tena godoro la kuanikwa mbele ya mtaa. Mtoto aoge kabla ya kwenda shule, kwani harufu ndiyo iwaambiayo wenzake. Yafaa naye ashiriki kutoa shuka na kuziloweka, kama vile ashirikivyo kufagia. Isiwe adhabu, iwe kazi yake ya nyumbani.

Wazazi wengine humwinua mtoto usingizini saa nne au saa tano ya usiku, wakambeba mpaka chooni akakojoa macho yamefumba. Kitanda chaweza kupona usiku huo, lakini mtoto hakujifunza kitu. Amekojoa usingizini kama kawaida, ila mahali pengine. Afadhali aamshwe kabisa, atembee kwa miguu yake, aseme neno. Baba afanyaye kazi ya zamu bandarini, arudiye kwa feri usiku wa manane, ndiye afaaye kwa kazi hii, kwani mama amelala na yeye yu macho tayari.

Thawabu ndogo husaidia, ikiwa zatolewa kwa busara. Haifai kumwahidi mtoto zawadi akiamka mkavu, kwa maana jambo hilo haliko mikononi mwake. Akishindwa atajiona ni mbaya zaidi. Na atuzwe kwa yale awezayo: kwenda haja kabla ya kulala, kuacha chai, kutoa shuka zake bila kuambiwa. Alama moja kwenye kalenda ya ukutani yatosha. Na ndugu zake waonywe mapema kwamba hakuna mzaha wa jambo hili katika nyumba hii.

Hayo yote ni kwa mtoto mzima wa afya ambaye tangu kuzaliwa hajawahi kukauka. Lakini wako watoto ambao mkojo wa kitandani kwao ni dalili ya maradhi, na hawa wakipigwa badala ya kupelekwa hospitali yaweza kuwa msiba.

Wa kwanza ni yule aliyekuwa mkavu kwa miezi sita au zaidi, kisha akaanza ghafula. Ikiwa anywa maji bila kutosheka, ala sana na huku akonda, na kukojoa mara nyingi mchana kutwa, yamkini ni kisukari. Kisukari cha watoto hakingoji. Apelekwe siku iyo hiyo apimwe damu au mkojo. Ikiwa hana dalili hizo, yafaa wazazi watazame mambo ya nyumbani: kuzaliwa kwa mtoto mwingine, kuachana kwa wazazi, kuhamishwa kwa jamaa, kufiwa. Na liko jambo moja ambalo watu hawapendi kulitaja, yaani mtoto aliyechezewa au kudhulumiwa na mtu mzima, naye akatishwa asiseme. Mtoto wa namna hii huulizwa kwa upole, na habari hupelekwa kwa daktari na polisi.

Wa pili ni mtoto mwenye kichocho. Maradhi haya yako Pwani tangu zamani, hasa Kwale, Kilifi na Tana River. Mdudu wake, ambaye daktari Mjerumani Theodor Bilharz alimwona mara ya kwanza huko Kairo mwaka 1851, hukaa katika mishipa ya damu kandokando ya kibofu, na mayai yake huchoma ukuta wa kibofu mpaka ukatoa damu. Hapatikani baharini. Hutoka katika konokono wa maji baridi, yaani mabwawa, vijito na madimbwi. Mtoto wa Likoni aendaye likizo kwa babu yake Kwale, akaoga bwawani na wenzake, aweza kurudi nao. Dalili ni maumivu wakati wa kukojoa, haja za mara kwa mara, na mkojo mwekundu hasa mwishoni. Katika baadhi ya nchi za Afrika watu walidhani damu hiyo ni dalili ya mvulana kukua, sivyo. Mkojo wa kupimwa huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwani ndipo mayai yatokapo kwa wingi, na dawa iitwayo prazikwanteli huponya.

Wa tatu ndiye anayesahauliwa kuliko wote: mtoto mwenye selimundu, maradhi ambayo wengi huyaita siko seli. Katika maradhi haya chembe za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Pwani yetu ina watu wengi wenye asili yake. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii mwaka 1949, akaona kwamba asili hiyo imezidi Pwani na kandokando ya ziwa Victoria, mahali penye malaria nyingi. Na mwaka 1954 alieleza sababu, kwamba mtu aliyerithi asili hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Figo za mtoto huyu huharibika mapema, haziwezi kuzuia maji, hata mkojo wake huwa mwingi usiku na mchana. Kwa hiyo hukojoa kitandani kuliko watoto wengine na kwa miaka mingi zaidi. Sasa mzazi asiyejua humnyima maji. Mwili ukikosa maji, damu huwa nzito, chembe hujikunja zaidi, na mtoto hushikwa na maumivu makali ya mifupa, na pengine kulazwa au kufa. Mtoto wa selimundu asinyimwe maji hata saa moja, ijapokuwa kitanda kitalowa kila usiku. Nailoni na leso ndizo dawa yake, na kuamshwa usiku. Ikiwa mtoto ana macho ya manjano, alivimba vidole vya mikono na miguu alipokuwa mchanga, au hulia mifupa mara kwa mara, apelekwe kupimwa damu kabla ya jambo lo lote. Hospitali ya Port Reitz iko upande wa Changamwe, na hospitali kuu ya Pwani iko kisiwani.

Ikiwa mtoto ni mzima wa afya, amepita miaka 7, na hayo ya nyumbani yamejaribiwa miezi kadha bila ya faida, bado liko tumaini. Mwaka 1938 mume na mke wa Kimarekani, Orval na Willie Mae Mowrer, walitangaza chombo cha kengele: mtoto hulala juu ya kitambaa chenye nyuzi za umeme mdogo, na tone la kwanza likianguka kengele hulia na kumwamsha. Siku hizi chombo ni kidogo, hubanwa kwenye nguo ya ndani. Katika watoto watatu huwafaa kama wawili, nao hutumia miezi miwili au mitatu mpaka wapate majuma mawili makavu mfululizo. Hapo kwanza mzazi lazima aamke naye, kwa sababu kengele huamsha nyumba nzima isipokuwa mtoto mwenyewe. Katika chumba kimoja chenye watu watano hilo si jambo dogo, na chombo hakipatikani kila duka.

Ziko na dawa za vidonge. Desimopresini hufanya kazi ile ile ya amri ya ubongo kwa figo, na yafaa kwa safari au kwa kambi ya shule. Lakini aliyeimeza haruhusiwi kunywa maji mengi usiku huo, kwani maji huzidi mwilini na kuleta degedege. Dawa ya zamani, imipramini, hudhuru moyo ikizidi, na vidonge vyake vikiachwa wazi vimewahi kuua watoto wadogo wa nyumba hiyo hiyo. Zote mbili ni za kuandikwa na daktari. Hazinunuliwi kwa kuambiwa na jirani.

Mwisho ni habari ya shule ya bweni. Wako vijana wa miaka 13 na 14 waliokataa nafasi nzuri za masomo bila ya kutaja sababu, na baba zao wakadhani ni uvivu. Kijana wa namna hii aulizwe faraghani. Mzazi aweza kumwona mwalimu wa bweni kabla ya siku ya kuripoti, akaomba kitanda cha chini karibu na mlango, ruhusa ya kwenda chooni usiku, na mahali pa kufulia asubuhi kabla wengine hawajaamka. Katika sanduku lake, chini ya vitabu, ziwekwe shuka mbili zaidi na ile karatasi ya nailoni, imekunjwa vizuri.